Waliotia Sahihi kwa Pua

Mtu aliyetiwa hina hana mikono. Pua ikimwasha, humwita dada yake. Nywele zikimwangukia usoni, hupuliza kama farasi. Njaa ikimshika, hufungua kinywa na kungoja huruma ya watu. Hayo Induben aliyajua kuliko mtu yeyote wa mtaa wa Belgrave, maana kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa akiwaketisha wanawake wa mtaa ule mbele yake, akiwajaza tausi na maembe na mizabibu mpaka viwikoni, huku akiwaambia kile alichoona wanastahili kuambiwa. Hawakuwa na pa kukimbilia. Kukimbia ni kuharibu ua.

"Wewe Trushna," alisema siku moja, koni ya hina ikitambaa kwenye kiganja cha msichana bila kuyumba, "yule kijana uliyekuwa naye pale duka la peremende, mama yako anamjua?"

"Masi! Tulikuwa tunanunua peremende tu!"

"Mbona kidole kinatetemeka? Tulia. Ukinitolea tausi mwenye kibyongo, utamvaa mwenyewe wiki mbili."

Wote walimwita Masi, yaani mama mdogo, hata wale ambao mama zao hawakuwa na undugu naye wa karibu wala wa mbali. Alizaliwa Jinja, akafika Leicester, Uingereza, angali mtoto, ameng'ang'ania koti la baba yake, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa Uganda. Alikulia baridini, akaolewa, akashona ncha za soksi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, na mume wake alipofariki akabaki na mkono usiotetemeka, mama mkwe, na mtoto mmoja wa kiume. Mkono ukawa kazi. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, akawa serikali. Na mtoto, Bhargav, akakua akawa pande la mtu: fundi wa matairi, mnyanyua vyuma, mabega hayapiti mlangoni bila kugeuka upande. Ijumaa na Jumamosi ndiye aliyempeleka mama yake kwenye nyumba za harusi, akimbebea mito na kisanduku cha hina.

Miongoni mwa wasichana waliopita mikononi mwa Masi alikuwako Urvashi, mwalimu wa shule ya watoto wadogo, binti wa Kokilaben. Huyu Masi alimpenda kwa sababu alijua kujibu. Harusi yake na Chirayu ilipangwa ifanyike majira ya kuchipua, na siku ya hina ilikuwa imeshawekwa. Kisha mwezi wa Januari Urvashi akaanza kuchoka bila kazi na kuvilia damu bila kugongwa. Alipopimwa, ikaonekana ni saratani ya damu.

Kokilaben akapiga simu, sauti imekauka. "Indu, nimepiga kuifuta ile siku yetu."

"Sifuti," alisema Masi. "Naisogeza tu. Mwambie mwanao mikono yake ni yangu, asiende kwa mchora hina mwingine."

Walipomruhusu, alikwenda kumwona hospitalini. Bhargav alimsubiri nje, kwa kuwa hakuweza kuvumilia hata harufu ya hospitali. Masi alimkuta Urvashi ameketi kitandani, kichwa hakina unywele hata mmoja, macho yamekuwa makubwa.

"Masi, umeona upara? Mahali pote hapa pa kuchora. Nitie tausi."

"Nikikutia tausi kichwani, Chirayu atalitafuta jina lake hapo mpaka mzeeke," alijibu Masi, maana jina la bwana harusi hufichwa ndani ya maua ya hina, naye asipoliona huchekwa na ukoo mzima.

Urvashi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaeleza, kama alivyokuwa akiwaeleza watoto darasani, pole pole na kwa mikono. Dawa zingeua ugonjwa, lakini zingeua na uboho wake pia, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kwa hiyo alihitaji uboho wa mtu mwingine, mtu ambaye mwili wake unafanana na wake kwa ndani. Kaka yake alipimwa, hakufanana. Ikatafutwa orodha ya watu waliojitolea, ya nchi hii na za nje.

"Kufanana huku kunafuata asili ya mtu, Masi. Mzungu akiugua, wenzake waliojiandikisha ni wengi, mara nyingi anapatikana. Sisi tumejiandikisha wachache. Ni kama kutafuta kiatu cha miguu yako kwenye duka la watoto."

"Basi wanipime mimi."

"Masi, una miaka hamsini na minane."

"Kwa hiyo?"

"Kujiandikisha wanataka vijana."

"Hawanitaki? Mimi?" Induben aliinuka akakaa tena. Katika maisha yake alikuwa amekataliwa mambo mengi, lakini hili la kuambiwa mifupa yake imepitwa na wakati lilimchoma.

Njiani kurudi hakusema neno. Bhargav aliogopa. Mama yake alipokaa kimya mara ya mwisho, walihama nyumba.

"Mama, uko salama?"

"Vijana," alisema Masi, akitazama kioo cha mbele cha gari kana kwamba kimeandikwa. "Wanataka vijana wetu, wazima wa afya, wengi kwa pamoja. Na wakae mahali pamoja watulie. Bhargav, Ijumaa naenda wapi?"

"Kwa kina Dhruti. Hina ya bibi harusi na mabinamu wote na rafiki zake."

"Na wakishatiwa hina wanafanya nini?"

Bhargav akafikiri. "Hawafanyi kitu. Wanakaa."

"Ahaa," alisema mama yake, akafungua mkoba akatafuta simu.

Chama kinachoandikisha wachangiaji wa uboho kilimtuma mama mmoja wa Kijamaika aitwaye Lorrice, mkazi wa mtaa wa Highfields, mrefu, mwenye kicheko cha kutikisa vyombo kabatini. Lakini kabla ya Lorrice ulitangulia upinzani. Mama yake Dhruti alimvuta Masi jikoni, kati ya sinia la bhajia na sufuria la chai ya tangawizi.

"Indu, nakuheshimu. Lakini siku ya hina ya mwanangu uniletee habari za saratani ndani ya nyumba? Mkosi huo!"

"Mkosi ni mtu afe na dawa yake ipo ndani ya mifupa yetu," alisema Masi. "Lakini nyumba ni yako. Muulize bibi harusi. Akikataa, nafunga mdomo."

"Wewe? Ufunge mdomo?"

"Nitajaribu."

Dhruti alikuwa amesoma na Urvashi shule moja. Hakuuliza swali la pili. "Masi, mwite aje. Na mimi niwe wa kwanza kupimwa."

Ila Lorrice alikwama kwenye foleni ya magari upande wa pili wa mji. Masi alingoja, akangoja, wageni wakaanza kulalamika, akaona heri aanze kazi. Msaidizi wake akashika upande mmoja, yeye upande mwingine, na Lorrice alipoingia anahema, amekumbatia mfuko wa vijiti vya pamba, alikuta chumba kimejaa wasichana walioinua mikono hewani kama waliokamatwa na polisi.

"Yesu wangu," alisema Lorrice. "Wamefanya nini hawa?"

"Wako tayari," alisema Masi kwa fahari. "Hawajala, hawajanywa, hawawezi kuondoka. Vinywa ni vyako."

Lorrice akawaeleza yote, bila kuwaficha. Kwamba leo ni kusuguliwa pamba ndani ya shavu tu. Kwamba wengi hawataitwa kamwe. Kwamba atakayeitwa atapigwa sindano siku chache, kisha damu itolewe mkono mmoja, ipite kwenye mashine, chembe za uboho zichujwe, na damu irudi mkono wa pili. Na mara chache hutolewa nyongani, mtu akiwa amelazwa usingizi. Kwamba asiyetaka asione haya, ila anayekubali asije akajificha siku akiitwa, maana huko mbele kuna mgonjwa atakuwa ameshaambiwa amepatikana mtu.

"Mnakubali?"

"Tunakubali!"

"Basi kila mmoja aweke alama yake hapa mwenyewe," akasema, akitoa kitabu cha kioo, ile simu pana ya kuandikishia. "Mimi siruhusiwi kumwekea mtu. Wala mama yake."

Mikono yote ilikuwa imeloa hina mpaka kwenye kucha. Masi alijishika kichwa. Alikuwa amewaza kila kitu isipokuwa hilo.

"Tungoje ikauke?" aliuliza Lorrice.

"Ikauke? Saa nzima, tena waondoke wakale?" alisema Masi, akilini mwake akiuona mpango wote unamwagika kama maziwa.

Ndipo Trushna, yule wa peremende, akainama. "Sheria inasema kidole?"

Lorrice akafikiri. "Sheria inasema mwenyewe."

Trushna akasogeza uso, akalenga, akagusa kioo kwa ncha ya pua. Alama ikatokea pale hasa ilipotakiwa.

Kelele zilizolipuka zilimfanya jirani agonge ukuta. Kila mmoja alitaka zamu. Mwenye pua fupi aliinama mpaka paji likapiga kioo akajikuta amerudi ukurasa wa mwanzo. Mwenye kipini cha pua aliambiwa akivue, akajibu hawezi, hana mikono, akavuliwa na shangazi yake. Dhruti, bibi harusi, alitia sahihi kwa madaha kama malkia anayebusu mtoto. Hata mama yake, aliyesema mkosi, alijikuta anafuta kioo kwa upindo wa sari baada ya kila pua, akifoka, "Ngojeni, ngojeni, nyie watoto mna jasho!"

Kisha Lorrice akavaa glavu, akapita na vijiti, shavu hadi shavu, na Masi nyuma yake kama askari. "Atakayecheka akafuta ua langu, simchori tena mpaka apate wajukuu! Wewe, fungua kinywa. Siku zote hukifungi, leo ndiyo unaona haya?"

Ilipokwisha, Bhargav aliingia kuchukua mito. Lorrice akamtazama toka juu mpaka chini, safari iliyochukua muda.

"Na huyu mwenye mabega ameshapimwa?"

Masi akageuka. Alikuwa amehubiri wiki nzima kwa watoto wa watu.

"Ni sindano?" aliuliza Bhargav, akirudi nyuma kidogo.

"Pamba, mwanangu."

"Pamba tu?"

"Leo, pamba tu."

"Ah, kumbe!" alisema Bhargav, akapanua kinywa kama kiboko.

Tangu siku hiyo ikawa desturi: palipo na koni ya Masi, pana vijiti vya Lorrice, ila sasa sahihi zilitangulia hina. Wasichana walilalamika. Walikuwa wamesikia habari za pua na walitaka za kwao.

Wanawake wale wawili wakawa marafiki. Lorrice alikuwa na binti mwenye selimundu, ambaye kila baada ya wiki kadhaa huongezwa damu, na damu iliyomfaa zaidi ilipatikana kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Kwa hiyo Lorrice alizunguka makanisani na kwa vinyozi kama Masi alivyozunguka kwenye harusi. Siku moja walipokuwa wanakunywa chai, Masi alianza tena manung'uniko yake juu ya uboho na uzee.

"Nimechoka kusikia hilo," alisema Lorrice. "Uboho hawautaki, sawa. Damu je? Umri wako kwenye damu unakubalika. Au wewe ni wa kupeleka wenzako tu?"

Wiki iliyofuata Masi alilala kwenye kiti cha wachangia damu, ameshika mkono wa Lorrice, macho ameyafumba. Tone la damu yake lilipotumbukizwa kwenye maji ya kupimia likazama moja kwa moja, ishara kwamba ina nguvu ya kutosha.

"Imezama!" alimwambia nesi. "Umeona? Dengu na mchicha. Chukua vizuri, usione haya."

Alipomaliza akapewa biskuti na juisi, na kwa mwezi mzima hakuna mtu aliyekuja kutiwa hina bila kuonyeshwa pale sindano ilipoingia.

Mapema majira ya joto Kokilaben alipiga simu tena. Safari hii hakuweza kusema, alilia tu, na Masi akalia naye bila kujua wanalilia nini, mpaka Chirayu akachukua simu akaeleza. Amepatikana. Kijana wa kiume, wa nchi nyingine. Zaidi ya hapo hawakuambiwa. Haikuwa kazi ya vijiti vya Belgrave, na Masi alilijua hilo mara moja, wala halikumpunguzia furaha. Alitoka barazani akamtangazia mwenye duka la mboga, na mwenye duka akampa bamia bure.

"Kuna mama huko mahali," alimwambia Lorrice, "amemzaa huyo kijana. Ningemjua ningemtia hina mpaka mabegani."

Urvashi akawekewa uboho, akapita wiki ngumu, akarudi nyumbani amekonda, yu hai. Na vuli ilipoingia, siku za Navratri, sikukuu ya Wahindu, watu wanapocheza duara usiku hadi usiku, Masi na Lorrice wakapewa meza kando ya mlango wa ukumbi. Vijana waliotoka kuchezesha vijiti vya ngoma, jasho likiwatiririka, walijipanga foleni kwa vijiti vya pamba, wengine bado wanatikisa nyonga.

Haikupita muda baada ya hapo, simu ya Bhargav ikalia akiwa chini ya gari. Alirudi nyumbani mapema, uso umemparama, akaketi jikoni bila kunawa mikono.

"Mama. Wamenipata."

"Nani? Polisi?"

"Wale wa pamba. Kuna mtu nafanana naye."

Masi alitaka kupiga kigelegele, lakini Ba alikuwepo, anamenya vitunguu saumu. Ba alikuwa karibu na themanini, mdogo wa umbo, mkubwa wa amri.

"Mtu gani?" aliuliza Ba.

Wakamweleza. Kisu kikatua mezani.

"Hapana. Watamtoboa uti wa mgongo. Mjukuu wangu atatembea upande upande kama kaa! Nani atamwoza binti yake kwa kaa?"

"Ba, hawagusi mgongo," alisema Bhargav. "Wanachukua mkononi. Damu inatoka, inapita mashineni, inarudi."

"Inarudi ya nani?"

"Yangu, Ba."

"Una hakika? Kwa dobi tu soksi zinabadilishana."

Siku mbili nzima nyumba haikukalika. Ba aligoma kula mbele yao, ingawa sahani zilipungua. Bhargav mwenyewe alikuwa katikati: sindano alizichukia kama shetani anavyochukia uvumba, lakini alikuwa amefungua kinywa chake mwenyewe na hakutaka kukifunga. Watoto wa wenzake Masi aliwahimiza bila kusita. Huyu wake alimtazama akilala, na yeye akaogopa kama Ba.

Ndipo akampigia Urvashi. Hakumwomba kitu, alimweleza tu. Siku iliyofuata Urvashi alikuja, amevaa barakoa, akaketi karibu na dirisha lililoachwa wazi. Aliinama kugusa miguu ya Ba kwa heshima. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, laini, zimejikunja kama za mtoto mchanga.

Ba alinyoosha mkono, akasita. "Naweza?"

"Gusa, Ba."

"Zako hizi zilikuwa zimenyooka."

"Zimekuja mpya. Na damu mpya. Ya kijana mmoja, Ba. Simjui jina."

Ba alipitisha kiganja juu ya zile nywele. "Huyo kijana," alisema, "ana bibi?"

"Sijui. Pengine anaye."

"Na bibi yake hakumkataza?"

"Kama alimkataza, Ba," alisema Urvashi, "nashukuru hakusikia."

Ba akainuka, akashuka jikoni, wakamsikia anafungua bati la unga. Jioni ile Bhargav aliletewa sinia la vipande vya unga wa ngano, samli na sukari guru, vya kumshibisha punda.

"Kula," alisema Ba. "Ukienda kutoa, utoe kitu cha maana. Wasiseme nyumba hii iliwapa maji."

Kwenye kipimo cha kwanza cha damu Bhargav alizimia. Alianguka taratibu, kama kabati linaloshushwa na watu wanne, na manesi watatu walihitajika kumwinua. Kwa zile sindano za siku chache alijifunza kutazama ukutani na kuimba. Mifupa ikamuuma kama mtu mwenye mafua makali, akalalamika, na mama yake akamwambia, "Mimi nilikuzaa na kichwa hicho. Habari za mifupa usiniletee mimi."

Siku yenyewe walikwenda kwa treni mpaka mji mwingine. Alilazwa kitandani, mirija mikono yote miwili, akaamriwa asiikunje. Mashine ikawa inazunguka kwa sauti ya cherehani. Saa zikapita. Njaa ikamshika.

"Mama."

"Nini?"

"Sina mikono."

Masi alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Akafungua kopo, akatoa thepla, zile chapati nyembamba zilizochanganywa na majani ya uwatu, akamkatia vipande na kumlisha pamoja na achari, kama alivyowaona mama wengi wakiwalisha mabibi harusi. Nesi alipewa yake, akarudi kuomba nyingine.

Mwishowe wakaonyeshwa mfuko mdogo wenye kitu chekundu hafifu, kama juisi ya komamanga iliyotiwa maji.

"Hiyo tu?" alisema Bhargav.

"Hiyo tu," alisema nesi. "Inatosha mtu mmoja kuishi."

"Ni nani?"

"Hatuwezi kukwambia."

Mfuko ukatiwa kwenye sanduku, na mwanamume mmoja mwenye koti akalichukua akatoka nalo kwa haraka. Masi alisimama mlangoni akamtazama mpaka alipopotea kwenye kona. "Nenda salama," alisema, na hakujua anamwambia yule bwana au kile kilichomo sandukuni. Bhargav alikuwa amegeuza uso ukutani, mabega yanatikisika. Safari hii haikuwa kwa sindano.

Miezi michache baadaye walipata habari kupitia chama: mgonjwa yuko nyumbani kwake na anaendelea vizuri. Bhargav aliisoma ile habari kwa sauti kule gereji, na mafundi wenzake wote, hata mmoja aliyekuwa mbishi wa kila jambo, wakaenda kujiandikisha.

Harusi ya Urvashi ikafanyika kiangazi kilichofuata. Daktari aliruhusu hina, ila iwe majani matupu bila dawa ya kukoleza, na Masi aliitwanga na kuichekecha mwenyewe. Ua wa nyumba ya Kokilaben ulijengwa hema, jua likawaka kana kwamba limealikwa, watoto wakakimbizana wakiwa na mihogo ya kukaanga mikononi, na Masi akamshika bibi harusi mkono.

Aliuchora polepole kuliko mkono wowote. Ngozi ilikuwa imekuwa laini, na kwenye mshipa palikuwa na alama ndogondogo za sindano. Msaidizi alishauri zifunikwe kwa majani.

"Zisifunikwe," alisema Urvashi. "Masi, zifanye nyota."

Masi akazifanya nyota. Jina la Chirayu alilificha mahali ambapo yeye mwenyewe alilazimika kulitafuta mara mbili.

Ba alikuwa wa mwisho. Alitoa viganja atiwe duara moja moja tu, kama ilivyo kwa wazee, lakini kabla koni haijagusa ngozi alipiga meza kwa kijiko.

"Nisikilizeni nyote! Nikifa, macho yangu yachukuliwe apewe asiyeona. Nimesema mbele ya watu, asije mtu akasema hakuambiwa."

Kokilaben akaweka mkono kifuani. "Ba! Leo harusi!"

"Ndiyo maana nasema leo. Msibani sitaweza kusema."

"Lakini Ba," alisema Bhargav, "macho yenyewe yana miwani minene kama kitako cha chupa."

"Wanachotaka ni kioo cha mbele, Lorrice kaniambia. Sivyo, Lorrice?"

"Wataalamu wataangalia kama kinafaa," alisema Lorrice. "Lakini ukishasema namna hii, watoto wako hawatapata shida ya kukisia."

"Umesikia? Wewe umetoa uboho, mama yako anatoa damu kila mara anajisifu nayo mtaani. Mimi nibaki bahili wa nyumba?" Akamgeukia mkwewe. "Haya, chora. Na figo, na ini, na chochote kingine watakachokiona kina maana. Meno waniachie, ni ya kununua."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwafikia wapita njia. Mama yake Dhruti, aliyekuwa mgeni siku hiyo, alisema na yeye anatoa, na wa pembeni yake akasema na yeye, mpaka ikabidi Masi awakemee kwamba wakifa wote kwa kucheka leo hakutabaki wa kupika. Kisha mtu akafungulia muziki. Waliotiwa hina walicheza wameinua mikono juu isichubuke. Masi akafuta vidole, akamshika Lorrice kiuno akamwingiza kwenye duara. Lorrice alizunguka kushoto wenzake wakienda kulia, akamkanyaga Kokilaben, akamgonga Chirayu, akaomba radhi kwa kila mtu, na kila alipopotea wale wasichana walimsukuma kwa viwiko, kwa makalio, kwa vichwa, mpaka akashika mwendo.